Kusadikika Wanakula Nini?

Nakala yangu ya kwanza ya Kusadikika haikuwa yangu. Ilikuwa imepita mikononi mwa wanafunzi wa miaka kadhaa kabla yangu, na kila mmoja aliacha alama zake za penseli. Pembeni mwa kurasa palikuwa kama daftari la hesabu: Majivuno = mkoloni. Karama = mpigania haki. Wajumbe = wasomi. Kusadikika = Tanganyika. Kabla sijamaliza sura ya kwanza nilikuwa na majibu yote ya kitabu ambacho sijakisoma.

Siku moja nikanyoosha mkono darasani nikauliza: hawa watu wa Kusadikika, huko juu angani, wanakula nini? Wanalima wapi? Mvua yao inatoka wapi, kama mawingu yako chini yao? Darasa zima likacheka. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alinijibu kwa upole kwamba hilo si swali la mtihani.

Alisema kweli. Halikutoka. Lakini halikunitoka kichwani, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kila riwaya ya Kiswahili ninayoipata inayomtoa msomaji katika dunia hii: ya angani, ya kuzimu, ya sayari nyingine, ya mzimu aliyerudi. Si nyingi, lakini ni nyingi kuliko wanavyodhani rafiki zangu wanaosoma hadithi za kisayansi na fantasia kwa Kiingereza, na ambao huniambia, bila ubaya, kwamba Kiswahili bado hakijaanza. Kimeanza zamani. Nitaeleza kilivyoanza na kilikopita, na njiani nitasema wazi kitabu gani nakipenda na kipi kilinichosha, kwa sababu heshima tupu nayo ni njia ya kutosoma.

* * *

Kusadikika, Nchi Iliyo Angani ilichapishwa mwaka 1951. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. TANU ilikuwa bado miaka mitatu izaliwe. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alikuwa ameitumikia serikali hiyohiyo ya kikoloni kama karani kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtu wa namna hiyo akitaka kuandika kwamba nchi isiyompa mshtakiwa nafasi ya kujitetea ni nchi mbovu, ataiweka wapi nchi hiyo? Haiweki Tanga wala Pangani. Anaiweka angani.

Hiyo ndiyo sababu tunayofundishwa, na ni ya kweli. Ila haitoshi. Angetaka kujificha tu, palikuwa na msitu wa sungura na fisi ambao kila mtu anaujua, na hakuna mkuu wa wilaya aliyewahi kumfunga mtu kwa kumsema fisi. Badala yake alijenga nchi, akaipa mipaka, na mipaka yake ni pepo: upande huu Kaskazi, upande ule Kusi. Msomaji wa pwani hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba mwaka ukiisha, na Kusi ndiyo iliyoyarudisha. Nchi iliyopakana na pepo hizo mbili ni nchi ambayo kila kitu huipitia. Katika kurasa zile za kwanza Shaaban Robert hafichi chochote. Anafurahia kujenga ulimwengu, kama anavyofurahia mwandishi yeyote wa fantasia anayechora ramani mwanzoni mwa kitabu chake. Katika nakala yangu, pembeni mwa mistari ile ya pepo, hapakuwa na alama hata moja ya penseli. Hapakuwa na cha kujumlisha.

Wala msomaji wake hakuwa mgeni wa safari za juu. Alikuwa amesikia tenzi za miraji, zinazosimulia Mtume alivyopandishwa mbinguni usiku mmoja akarudi na habari. Kama alikuwa amepita shule, alikuwa amesoma hadithi za Alfu Lela Ulela zilizofasiriwa kwa Kiswahili wakati wa ukoloni, na pengine Safari za Gulliver. Shaaban Robert mwenyewe alichota humo waziwazi. Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, imetokana na hadithi ya Alfu Lela Ulela kuhusu mtu na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Yeye aliwafanya manyani. Hakuona aibu kuazima, na hakuazima bila kubadilisha.

Alichokibadilisha katika Kusadikika ndicho ninachokiona kuwa mwanzo wa mambo yote. Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria katika nchi ambayo desturi yake si kumsikiliza mshtakiwa. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anaomba siku sita za kujitetea, na kwa siku hizo anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande sita: nne za dunia, mbinguni, na ardhini. Kila mjumbe alirudi na jambo la kuifaa nchi. Kila mjumbe alitupwa gerezani.

Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela husimulia ili asiuawe kesho, na Karama ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba Shahrazadi anasimulia chumbani, kwa mfalme mmoja, hadithi zozote zitakazompendeza. Karama yuko kizimbani, mbele ya umma, na hadithi zake ni ushahidi. Safari ya kwenda ulimwengu mwingine, ambayo kwa mataifa mengi ilianza kama burudani au kama ndoto ya mashine, katika riwaya ya Kiswahili ilianza kama utetezi wa mtu aliye hatarini kuhukumiwa.

Kwa hiyo watu wanaposema fantasia ni kukimbia ukweli, sielewi wanazungumzia lugha gani. Kusadikika ni nchi inayotuma wajumbe kisha kuwafunga wanaporudi. Haichukii safari. Inachukia habari.

Sasa maoni yangu. Kama mpango, kitabu hiki hakijapitwa. Kama ulimwengu, kinaniacha na njaa. Wajumbe wanafika katika nchi za ajabu na wanarudi na hotuba. Tunaambiwa nchi hizo zimeendelea, zina haki, zina elimu. Hatuambiwi zinanukia nini asubuhi. Kufikirika, riwaya ndugu yake iliyochapishwa baada ya kifo cha mwandishi mwaka 1962, inaikaribia dunia zaidi: kuna mfalme asiyepata mrithi, kuna mwalimu wa ajabu aitwaye Utubusara Ujingahasara, na kuna kafara ya watu inayotisha kwa sababu waganga wanaoipendekeza wana uhakika kabisa na elimu yao. Humo angalau ninamwona mtu akiogopa kufa. Lakini na yenyewe inapenda kunifundisha kabla haijanionyesha.

* * *

Baada ya uhuru riwaya ilishuka ardhini, na haikuwa ajabu. Palikuwa na nchi halisi ya kujenga, na mwandishi aliyeelea angani angeonekana kama mgeni aliyekaa kivulini wenzake wakilima. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika (1971), kisha Dunia Uwanja wa Fujo (1975), kisha Gamba la Nyoka (1979), inayohusu watu wanaohamishiwa vijiji vya ujamaa. Humo utajua watu wanakula nini. Utajua nani kalewa na kwa pombe gani.

Halafu mtu huyohuyo akaondoka. Nagona ilitoka mwaka 1990, Mzingile mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba. Unaweza kuvisoma vyote viwili kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na usijue umefika. Msimulizi wa Nagona anaingia katika mji uliokufa ganzi na kukutana na wanafalsafa wa Magharibi kana kwamba ni majirani. Mzingile inatupeleka katika dunia iliyokwisha kuangamia, na mtu anayetembea humo anamtafuta yule ambaye tulizoea kumwita Muumba.

Nagona nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliitupa. Mara ya pili niliisoma kwa kalamu mkononi, nikitafuta nani ni sawa na nani, na nikashindwa, kwa sababu kitabu kile kimeandikwa makusudi kimshinde mtu mwenye kalamu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, usiku, peke yangu, na hapo ndipo iliponishika. Inataka kusikilizwa kama ngano ya bibi ambayo hujui mwisho wake na bibi mwenyewe ameanza kusinzia. Bado siipendi yote. Lakini Mzingile naipenda, kwa sababu ndiyo riwaya ya kwanza ya Kiswahili niliyoisoma inayochukulia mwisho wa dunia kama mahali unapoweza kutembea kwa miguu, ukaona vumbi.

Ni kishawishi kikubwa kuandika pembeni: dunia iliyoangamia = Ujamaa. Tarehe zinakubali. Azimio la Zanzibar lililolegeza miiko ya uongozi lilipita mwaka 1991 uleule, na vyama vingi vikarudi mwaka 1992. Sikatai kwamba mtu aliyeandika Gamba la Nyoka alikuwa na mambo ya kuomboleza. Ninachosema ni kwamba kama hilo lingekuwa jibu zima, asingehitaji kuiharibu dunia nzima. Angeandika makala gazetini.

* * *

Kenya ilipita njia nyingine, na njia hiyo ilipita gerezani.

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alihusika na waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga kwa siri gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Hakuandika riwaya ya kisayansi. Lakini litazame lile swali. Twendapi? Ni swali la wakati ujao, tena fupi kuliko yote: neno moja, linalobeba ndani yake watu wengi na njia moja. Hadithi zote za kisayansi duniani ni majaribio ya kulijibu. Kenya ya wakati ule ililihesabu kuwa kosa la jinai.

Mwaka 1986, katika msako wa serikali ya Daniel arap Moi dhidi ya walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, mmoja wa waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani alikuwa Katama Mkangi, mhadhiri wa sosholojia na mwandishi wa riwaya za Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Alitoka. Mwaka 1995 akachapisha Walenisi. Mwaka 1997 akagombea urais wa Kenya.

Walenisi ndiyo ninayowapa marafiki zangu wanaposema Kiswahili hakijaanza. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kufa, na njia ya kumuua ni kumtia ndani ya chombo cha angani na kumrusha. Wengine waliotangulia waliangamia. Dzombo, akiwa peke yake ndani ya mashine asiyoijua, anafanya jambo ambalo waliomhukumu hawakulitarajia: anajifunza kuiendesha. Anatua katika ulimwengu wenye watu wanaoishi kwa usawa. Ulimwengu huo unaitwa Walenisi. Litamke polepole. Wale ni sisi.

Fikiria mtu aliyenyimwa mahakama akiandika riwaya yenye hukumu. Fikiria mtu aliyefungiwa chumba kidogo akiandika kuhusu mtu aliyefungiwa chumba kidogo kuliko hicho, chenye vitufe, kinachopaa. Sijui sura nyingine katika riwaya zetu inayonifurahisha kama ile ya Dzombo kuushinda woga na kukielewa chombo. Adhabu inageuka kuwa usafiri. Waliotaka kumwondoa duniani wamemlipia nauli.

Lakini nilisema sitaheshimu bure. Dzombo anapotua, riwaya nayo inatua. Anatembezwa, anaelezwa, anauliza maswali ili ajibiwe. Ni ugonjwa wa kila nchi njema iliyobuniwa tangu Thomas More mwaka 1516: mgeni anakuwa mtalii na mwenyeji anakuwa mwongozaji. Hakuna anayeumwa tumbo Walenisi. Hakuna anayemwonea jirani wivu kwa sababu ya kuku. Mkangi alijua kumwandika mtu anayeonewa kwa sababu alionewa. Mtu huru ilibidi ambuni, na katika kumbuni akamfanya mwalimu.

Kinachokiokoa kitabu ni jina lake. Hesabu za penseli katika nakala yangu ya Kusadikika zilisema: wale ni wakoloni, wale ni wanyonge, wale ni vibaraka. Mkangi naye aliandika mlinganyo, lakini upande wa pili aliweka kitu ambacho mwongozo wa mitihani hauwezi kukuandalia. Wale, wa mbali, wa sayari nyingine, wanaoishi vizuri kuliko tunavyothubutu kuomba: ni sisi. Hapo fumbo halifumbuliwi kwa kujua historia ya Kenya peke yake. Linafumbuliwa kwa msomaji kujiuliza kama anakubali.

* * *

Karne ilipogeuka, milango ilifunguka kwa pamoja. William Mkufya wa Tanzania alitoa Ziraili na Zirani mwaka 1999, riwaya ya vita kati ya Kuzimu na Mbinguni. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001. Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002 na Musaleo! mwaka 2004. Wahakiki wanazijadili riwaya hizi kama mkondo mmoja mpya. Mimi nazisoma kama vitabu vya watu wenye hasira tofauti.

Mkufya anastahili sifa ya ujasiri. Ilihitaji moyo, katika nchi yenye misikiti na makanisa kila mtaa, kuandika akhera kama uwanja wa mapambano ambamo imani na kutoamini zinapigana kwa silaha. Ni kitabu kirefu cha mabishano, na mabishano yake mengine yanaendelea baada ya msomaji kuchoka. Lakini kinamheshimu msomaji kwa kudhani kwamba anaweza kusikia hoja isiyompendeza na asife.

Bina-Adamu! ina wazo kubwa kuliko zote. Msimulizi anasafiri bara hadi bara, akiongozwa na sauti ya mwanamke aitwaye Hanna, akimsaka P.P., ambaye tunatambua kuwa ni Peter Pan, mtoto asiyekua, anayecheza na dunia kama kitu chake cha kuchezea. Kuufanya ubeberu wa utandawazi kuwa mtoto asiyetaka kukua ni ubunifu ambao bado unanishangaza. Shida yangu ni kwamba kila jiwe katika riwaya ile linarejelea kitabu kingine. Ukisoma huku umekalia maktaba, ni karamu. Ukisoma bila maktaba, unahisi umealikwa harusini na hujui nani anaoa.

Babu Alipofufuka ndiyo niipendayo kuliko zote katika habari hii nzima, na sababu ni rahisi: mzimu wake ana hasira za babu. K ni mkubwa serikalini, ameshiba, amesahau. Babu yake anafufuka na kumtoa nje kumwonyesha watu ambao shibe yake imewagharimu. Ni safari tena, ni mjumbe tena, ni mashtaka tena. Lakini safari hii mshtakiwa ni mkubwa, na anayemshtaki ni mzee wa nyumbani kwake mwenyewe, ambaye hawezi kumpigia simu polisi amwondoe. Katika riwaya hii watu wana njaa ya chakula, na njaa hiyo ni njaa kweli kabla haijawa ishara ya kitu kingine. Ikawa kwamba mwandishi wa Zanzibar alilijibu swali langu la darasani miaka hamsini baada ya Kusadikika: wakubwa wanakula vya wenzao.

* * *

Wakati hayo yanaandikwa, Kiswahili kilikuwa kinasafiri angani kwa njia nyingine, bila sisi.

Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, na kwenye chombo chake kulikuwa na ofisa wa mawasiliano aitwaye Uhura. Nichelle Nichols, mwigizaji aliyeshika nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, na jina likatokana na hapo. Mwaka 1968 Mwingereza John Brunner alichapisha Stand on Zanzibar, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 1969. Zanzibar ya jina hilo ni kipimo: kufikia mwaka 2010, alikadiria, watu wote duniani, bilioni 7, wakisimama bega kwa bega wangekijaza kisiwa kama hicho. Hesabu yake ilikosea kwa mwaka mmoja tu. Umoja wa Mataifa ulitangaza bilioni 7 mwaka 2011. Lakini riwaya yenyewe inahusu zaidi Marekani na nchi mbili za kubuni, moja ya Afrika Magharibi na moja ya Asia. Ilipoandikwa, Zanzibar ilikuwa na miaka minne tu tangu mapinduzi. Ilikuwa na watu waliokuwa na mengi ya kusema kuhusu wakati ujao. Kitabuni ni mahali pa kusimama.

Sina kinyongo na Brunner. Riwaya yake ni nzuri. Ninataja tu mazoea yaliyoanza hapo na hayajaisha. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu fupi ya Pumzi, kuhusu Afrika Mashariki isiyo na maji baada ya vita vya tatu vya dunia. Ni kazi ninayoipenda sana. Jina ni la Kiswahili. Mazungumzo ni ya Kiingereza. Mwaka 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa Binti, iliyoshinda Hugo na Nebula mwaka uliofuata. Msomaji wa Kiswahili huanza kwa kutabasamu, kwa sababu kwetu binti huhitaji kukamilishwa: binti nani? Siti alikuwa binti Saad. Huyu ni Binti tu, Mhimba wa Namibia, anayetoroka nyumbani kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine.

Na bado kitabu hicho kifupi kilinifundisha nilichokuwa nakikosa. Binti anajipaka mwilini otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, kama wanavyofanya wanawake wa Kihimba. Otjize ni nyumbani, ni aibu mbele ya wageni, ni fahari. Lakini kabla ya yote ni udongo. Unakauka, unabanduka, unaisha kwenye kopo, na inatokea kwamba unaponya majeraha ya viumbe waliokuja kumuua. Hutaweza kuandika pembeni otjize = utamaduni ukamaliza, kwa sababu sura inayofuata utahitaji kujua kopo limebaki na kiasi gani.

Kisha Binti anafika chuoni, na nikaweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Anasimama mbele ya maprofesa kuwatetea viumbe wale wa kutisha na kudai warudishiwe kiungo cha mkuu wao kilichoibwa na kuwekwa kama kitu cha maonyesho. Ni mjumbe. Amerudi na habari ambayo wakubwa hawaitaki. Ni Karama kabisa, ila maprofesa wale wanasikiliza siku ileile, na mjumbe hapelekwi gerezani.

Sisemi Okorafor alimsoma Shaaban Robert. Nasema mimi niliwasoma wote wawili, na nilipowaweka pamoja nikaona kwamba kitu ambacho kizazi changu kinakwenda kukitafuta kwa Kiingereza kilikuwa nyumbani, kimekaa kwenye rafu ya vitabu vya mtihani, kimejaa alama za penseli.

* * *

Tunachoweza kupoteza hapa si heshima ya lugha; Kiswahili kina heshima za kutosha, na hotuba za kutosha za kukisifu. Tunaweza kupoteza uwezo wa kulijibu swali la Twendapi kwa maneno tunayoyatumia sokoni. Kijana wa Kigamboni au Kisauni anayewaza mji wake utakuwaje bahari ikipanda, na anayewaza hivyo kwa Kiingereza tu kwa sababu ameambiwa Kiswahili hakina hadithi za namna hiyo, ataandika mji usio na mama yake. Atakosa neno la kumwita muuza mihogo wa mwaka 2090.

Nasi wasomaji tuna sehemu yetu ya lawama. Tulizipokea riwaya hizi kama mafumbo, na fumbo likishafumbuliwa halina kazi tena. Tulimfanyia Shaaban Robert kile Kusadikika ilichowafanyia wajumbe wake: alirudi kutoka angani na habari, tukamfungia ndani ya mwongozo wa mitihani. Waandishi nao walilijua hilo, na nadhani ndiyo maana nchi zao mara nyingi ni nyembamba. Ukijua msomaji atakimbilia maana, unaacha kumpikia.

Nakala ile bado ninayo. Juzi niliifungua kwenye ukurasa wa mipaka, mahali pasipo na alama, nikachukua penseli na kuandika lile swali langu la zamani. Yeyote atakayeirithi atalikuta hapo, kando ya Kaskazi na Kusi, na akitaka anaweza kulijibu kwa kitabu kizima.